Mpiga picha wa harusi: laki nne, milioni 1.8 au milioni 3.5? Nisaidieni kabla kamati haijaniamulia

Shela Nyeupe (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie akili, hasa mliofunga ndoa Dar miaka hii ya karibuni. Na wapiga picha kama mpo humu msijifiche.

Harusi yetu ni Jumamosi, Aprili 11, 2026. Misa saa 8 mchana Segerea, ukumbi Tabata saa 1 usiku, wageni 250. Bajeti ya kamati ni milioni 16. Juzi kikaoni tukasomewa mchanganuo: mapambo milioni tatu na nusu, keki laki nane, "picha na video" laki saba. Nikauliza hiyo laki saba imepatikanaje. Mwenyekiti, ambaye ni baba yangu mdogo, akasema ndiyo iliyobaki. Imebaki! Yaani mpiga picha kapangiwa chenji.

Hapo hapo mjumbe mmoja akanyoosha mkono, ana kijana wake, ana kamera "kubwa kabisa", atafanya kwa laki nne na picha zote atatoa. Watu wakapiga makofi. Nikanyamaza kwa sababu mama alikuwa ananiangalia.

Kwa nini naogopa: dada yangu aliolewa 2019. Alilipia mtu mwenye jina, siku ya harusi akaja kijana mwingine kabisa, "bosi yuko njiani". Bosi hakufika. Wiki mbili baadaye tukaambiwa memori kadi ya kanisani imegoma kufunguka. Dada hana picha ya kuvishwa pete hata moja, isipokuwa ile ya simu ya shangazi, na nusu ya ile imezibwa na tableti ya mgeni wa benchi la mbele.

Nimezunguka mwenyewe nikapata bei tatu za nje ya kamati. Wa kwanza laki sita: yeye peke yake, mnato (picha za kawaida, zisizotembea) na video, eti anabadilishana mkono. Wa pili milioni 1.8: mmoja wa mnato, wawili wa video, albamu ya kurasa 20 na fremu kubwa ya ukutani. Wa tatu milioni 3.5: watu watano, skrini ukumbini, kamera ya kreni, ndege nyuki, na kipande cha video kinachoonyeshwa usiku huohuo. Kurasa zao za Instagram zote zinapendeza sawasawa, na hapo ndipo nilipokwama. Laki sita na milioni tatu na nusu zinapendezaje sawa?

Kapuku Mtaalamu

Chukua wa laki nne ulale. Mimi nilioa 2016, albamu iko juu ya kabati imefunikwa kanga. Mara ya mwisho kushushwa ni siku tulipokuwa tunamtafuta panya. Milioni na laki nane ni kodi ya miezi sita ya nyumba ya kuanzia maisha.

Fundi Mwanga

Dada, nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii. Nitakujibu bila kujinadi, na namba yangu siiweki hapa.

Kurasa zinapendeza sawa kwa sababu kila mmoja wetu anaweka picha kumi kati ya elfu tatu, na hizo kumi karibu zote zimepigwa saa 11 jioni ufukweni, maharusi wamesimama kimya, upepo unapeperusha shela. Hapo hata mwenye simu nzuri anapata kitu. Kazi inapimwa ukumbini saa 3 usiku: taa za zambarau za fundi mapambo zinawamwagikia usoni, bibi harusi kavaa nyeupe, bwana harusi kavaa suti ya giza, MC anaharakisha, na mjomba kasimama mbele yako na simu juu. Kwa hiyo usimwombe akuonyeshe picha nzuri. Mwombe harusi moja nzima, kuanzia saluni hadi zawadi, kama alivyomkabidhi mteja. Tazama walio pembeni kwenye picha za familia, nyuso zinaonekana au zimezama? Tazama ngozi. Kuna wenzetu wanang'arisha kila mtu hadi bibi yako anatoka rangi ya unga wa chapati, na ukilalamika anakwambia ndiyo mtindo. Akikataa kukuonyesha kwa sababu ya siri za wateja, hiyo ni heshima, lakini mwenye harusi kumi na tano kwa mwaka hakosi mteja mmoja wa kuridhia.

Kisha muulize nani atashika kamera siku hiyo, maana kuna wanaopokea harusi tatu Jumamosi moja na kugawa vijana. Si dhambi, kijana anaweza kuwa hodari kuliko bosi, ila basi uoneshwe kazi ya huyo kijana. Jina lake liwe kwenye mkataba, na jina la atakayeziba pengo akiugua.

Kisa cha dada yako kina dawa. Kuna kamera zenye nafasi mbili za kadi, picha moja inaandikwa kote kwa mpigo mmoja. Canon 5D Mark IV, Nikon D750 na Sony A7 III zote ziko hivyo. Canon 6D ina nafasi moja tu. Sisemi mwenye 6D hawezi kazi, mimi nimeanza nayo. Enzi hizo kadi ya kanisani nilikuwa naitoa kabla hatujaondoka, naitia mfuko wa shati, nafunga kifungo, ukumbini naanza nyingine. Usiku uleule, kabla sijavua viatu, nahamishia kwenye diski mbili. Muulize yeye anafanyaje. Anayefanya atakujibu hapohapo, asiyefanya ataanza kukusimulia ubora wa kamera.

Na mliongea na padri? Parokia nyingine hazitaki mpiga picha apande altareni, nyingine zinakataza flashi wakati wa mageuzo. Mtu asiye na lenzi ya kuvuta mbali yenye kupokea mwanga mwingi, tuseme 70-200 ya f/2.8, atarudi na picha za visogo.

Sasa ambalo hukuuliza: tarehe yako. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni Februari 18, na Ramadhani inaandama siku hizohizo. Wakatoliki wamesimamisha harusi, Waislamu wamesimamisha, halafu wote wanafunguka pamoja: Idi karibu na Machi 20, Pasaka Aprili 5. Aprili 11 ni Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Kila mwenye kamera mjini atakuwa na simu tatu za siku hiyo. Ukingoja kikao kijacho utabaki na waliobaki.

Tena ni masika, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi Dar. Jua linazama karibu saa 12 na nusu, na kwetu huku likizama limezama, giza linaingia kama mtu kazima swichi. Hesabu mwenyewe: misa inaisha saa 10, vyeti, picha za familia nje ya kanisa nusu saa (shangazi mmoja lazima apotee), kisha foleni kutoka Segerea hadi baharini na mvua juu. Mtafika na giza. Tafuteni kibaraza kipana au ukumbi wenye madirisha makubwa hukohuko upande wa Tabata. Muulize kila mmoja, mvua ikinyesha tunafanya nini? Mmoja atakujibu "haitanyesha kwa jina la Yesu". Huyo mwache.

Shela Nyeupe

Fundi, asante sana. Hilo la mvua halikutupitia akilini, tulikuwa tumeshachagua ufukwe. Swali: hiyo milioni 1.8 inaenda wapi? Baba mdogo anasema ni kubonyeza kitufe tu.

Fundi Mwanga

Mwambie baba mdogo siyo mimi niliyetoa bei hiyo, ila nikiipiga kwa hesabu za kwangu: vijana wawili wa video laki tatu, msaidizi wa taa elfu themanini, albamu na fremu kiwandani karibu laki tatu, gari la siku nzima laki moja, lenzi ya kukodi elfu sabini. Hapo laki nane na nusu imeshaondoka. Inayobaki ndiyo yangu: siku moja ya kusimama saa kumi na nne, kisha wiki nzima ya kuchambua picha elfu tatu zibaki mia sita, nikikatikiwa umeme katikati. Kamera nayo inachakaa, haichangiwi na kamati.

Wa laki sita anayefanya mnato na video peke yake hakudanganyi, anafanya kweli. Ila pete inavishwa mara moja. Akiwa kwenye video, mnato huna.

Ndege nyuki kwenye ile ya milioni 3.5, muulize kibali. Hapa kwetu inasajiliwa TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga) na inahitaji idhini ya Wizara ya Ulinzi, na Segerea haiko mbali na uwanja wa ndege. Akikwambia "tunairusha harakaharaka", siku hiyo polisi hawatamtafuta yeye, watamuuliza mwenye shughuli.

Mzee wa Kamati

Naomba niwatetee wanakamati, maana mnatusema kama wezi. Nimekuwa mhazini kamati saba. Ahadi siyo fedha. Kamati ya mwisho tuliahidiwa milioni 21, ikaingia 14 na laki mbili, na katika hizo, laki tatu zilipokelewa mlangoni wageni wakiingia. Mwenye ukumbi hangoji, mpishi hangoji, mwenye vinywaji hangoji. Mpiga picha anangoja. Ndiyo maana anawekwa mwisho, siyo kwamba hatupendi picha.

Kwa hiyo ushauri wangu: mtoe kwenye kamati kabisa. Mwambie baba mdogo laki saba aihamishie kwenye vinywaji, atashukuru. Ninyi maharusi mlipe wenyewe, mumchague wenyewe. Anayelipa ndiye anayepigiwa simu. Nimeona harusi mpiga picha anaagizwa na mwenyekiti akapige meza ya wafadhili wakati bibi harusi anakata keki.

Pa kupunguza ni skrini na kreni. Ukumbi wa watu 250 kila mtu anawaona kwa macho yake. Kreni nayo inazunguka juu ya meza mpaka watu wanainamisha vichwa wakila.

Kijana wa laki nne usimkatae kikaoni. Ukimkataa umemkataa mjumbe, na mjumbe huyo ndiye mwenye gari la kubebea viti. Mpe kazi nyingine.

Kapuku Mtaalamu

Kazi gani? Kicheni pati haingii mwanaume.

Mzee wa Kamati

Kuvunja kamati. Nyama choma ipo, mwanga upo, hakuna pete ya kukosa.

Mwanamwali wa Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Nimesoma yote, ila mnazungumzia harusi ambayo kila mtu anaweza kuitazama. Kwetu kuna shughuli za wanawake watupu. Siku ya kupamba bibi harusi hutoka kichwa wazi, hina na piko mikononi na miguuni, na wageni nao wamevua mabuibui, kila mmoja kavaa alivyotaka. Simu huwachwa mlangoni, kila moja kwenye mfuko wake na namba. Mwenye kamera humo ndani ni mmoja tu, kwa hivyo kumchagua kwetu ni amana kwanza, uhodari baadaye.

Watu hudhani wakishapata mpiga picha mwanamke wamemaliza. Binamu yangu alipata, na kazi yake ilikuwa safi. Lakini picha zilihaririwa na kaka yake, na albamu ikachapishwa dukani. Miezi mitatu baadaye, mtu wa kwetu akaingia duka hilo, akakuta ukurasa wa ile albamu umetiwa kwenye sampuli za kuonyesha wateja. Ilikuwa kilio nyumbani.

Yalipofika yangu, mamangu alinunua kadi mbili mpya mwenyewe. Akampa mpiga picha jioni, akazipokea usiku na kuzitia kwenye kibweta chake cha dhahabu. Yule dada akaja kuhariri kwetu siku mbili, sebuleni, akila kwetu. Tulimlipa zaidi kwa usumbufu. Tukaandikiana kwamba hakuna picha inayowekwa mtandaoni, hata ya mikono yenye hina, hata ya viatu. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 lakini mamangu hakuitaja, alitaja Mungu.

Kwa hivyo dada, hata kama harusi yako ni ya kanisani, kicheni pati yako ni ya wanawake. Uliza picha zake zinapitia mikononi mwa nani.

Fundi Mwanga

Nakazia. Na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwenye mikataba yetu mara nyingi kuna mstari mdogo kwamba mpiga picha anaruhusiwa kutumia picha kwa matangazo. Usomeni. Kama hamtaki, ukateni kabla ya kusaini, siyo kuja kugombana kwenye maoni ya Instagram.

Jiwe la Bismarck

Sisi Mwanza tulileta mtu kutoka Dar kwa sifa. Nauli, gesti siku mbili, chakula, ikafika laki nne na nusu kabla hajafungua begi. Tulipofika ziwani akaanza kuuliza jua linazama upande gani. Wa hapahapa angejua na bei ingekuwa nusu.

Lingine, msiwafukuze wale wanaofyatua wageni getini na kuuza picha nje kwa elfu mbili. Picha pekee ya mzee wangu akicheka siku hiyo niliinunua pale, kwenye kamba, imebanwa na kibanio cha nguo.

Mama Wawili

Kapuku Mtaalamu, hilo la kabati nimelicheka, halafu nikaacha kucheka. Baba alifariki mwaka juzi. Tukatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, tukakuta nzuri ni moja tu, ya harusi yangu, amekaa meza kuu na koti la kijivu. Mpiga picha wangu alinitumia picha zote kwa WhatsApp, nami nikaridhika, nikafuta nyingine kwa sababu simu ilijaa. Tulipoikuza ikatoka vigaevigae. Nikampigia, akasema baada ya mwaka mmoja huwa anafuta.

Dada, WhatsApp kwa kawaida inapunguza ubora wa picha. Dai faili kubwa zenyewe kwenye flashi diski au eksteno (diski ya nje), zifungue mbele yake, na muulize anakaa nazo muda gani. Nakili sehemu mbili, na moja isiwe nyumbani kwenu.

Kapuku Mtaalamu

Pole sana mama. Jioni hii nitaishusha albamu.

Shela Nyeupe

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nimewaomba wote watatu harusi nzima. Wa laki sita alinionyesha bila hiyana, na kanisani yuko vizuri kuliko nilivyotegemea, lakini kuanzia saa 2 usiku hakuna picha ya mgeni hata mmoja. Alikuwa kwenye video, kama Fundi alivyosema. Wa milioni 3.5 alinionyesha video ya dakika nne yenye muziki, nikaomba nyingine, akanionyesha ya dakika tatu. Nani atakuja? "Timu." Timu ni nani? "Timu yetu."

Wa pili alinipeleka kwa mteja wake Kimara. Nikanywa chai, nikapewa albamu nikaipekua peke yangu. Kuna picha moja ya bibi wa maharusi amekaa kwenye kiti cha plastiki, ameshika viatu vya bibi harusi mapajani. Nyuma yake giza tupu, ila uso wake na mikunjo yote ipo, rangi yake ileile. Nikamwambia mchumba wangu ni huyu.

Bei hakupunguza, tukabadilishana vitu. Fremu kubwa tumeitoa, akaongeza faili zote kwenye eksteno tutakayonunua sisi, tukamalizia milioni 1.65. Laki sita tumeshalipa advansi, laki saba wiki moja kabla ya harusi, laki tatu na nusu siku ya kupokea albamu. Jina lake limo kwenye mkataba na la mwenzake wa akiba. Mstari wa matangazo tumeuhariri: picha za kicheni pati hapana, za kanisani tuulizwe kwanza. Kicheni pati yote atapiga mke wake, ndiye anayefanya naye kazi. Kamera ina kadi mbili, alinifungulia nikaziona.

Pesa imetoka kwenye kibubu cha mchumba wangu, alikuwa ananunulia pikipiki. Baba mdogo kaipokea laki saba yake kwa furaha, imeenda kwenye vinywaji. Mjumbe naye ameridhika, kijana wake anapiga kuvunja kamati.

Picha za jioni tutapigia kwenye kibaraza cha shule moja hukohuko Tabata, mkuu wa shule amekubali kwa mchango wa elfu hamsini.

Fundi Mwanga

Hongera. Kimoja tu: mmeandika chakula chao? Mwaka huu harusi tatu nimezuiwa getini kwa sababu sina kadi, na moja nilipiga hadi saa 6 usiku kwa soda.

Shela Nyeupe

Jamani. Sijaandika.

Mzee wa Kamati

Mmoja mnato, wawili video, msaidizi mmoja. Sahani nne. Usizitolee kadi, zitapewa wageni. Mwambie mpishi aziweke pembeni saa 2, kabla foleni haijaanza.

Shela Nyeupe

Nimempigia mpishi. Sahani nne amesema sawa. Ila ameniuliza, na yule kijana wa laki nne? Kumbe amealikwa na mjumbe, anakuja na kamera yake.

Mzee wa Kamati

Sahani tano. Na akae meza ya mjumbe.